Paka Akikojoa Nje ya Beseni Lake: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kumfukuza

Wakaazi wengi wa Kaunti ya Mombasa wanafuga paka, na siku hizi wengi wa paka hao wanaishi ndani ya fleti, kuanzia Tudor na Kizingo hadi Nyali na Mikindani. Paka wa ghorofa ya nne hana ua wa kuchimba. Choo chake ni beseni la mchanga lililowekwa pembeni mwa bafu au kwenye roshani, na siku akiliacha beseni hilo na kukojoa kwenye mkeka, godoro au mswala, amani ya nyumba inatoweka. Mama analalamika harufu, jirani anamwambia keyateka, na mwenye nyumba anataja deposti. Mara nyingi mwisho wake ni paka kutiwa guniani na kupelekwa mahali penye paka wengi wa mitaani, aachwe huko.

Somo la toleo hili ni la kuzuia mwisho huo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, na huduma za daktari wa mifugo nazo ni kazi ya kaunti. Paka anayetupwa huzaa mtaani, hupigana, huumwa, na mzigo unarudi kwa umma. Tatizo la mkojo nje ya beseni, kwa upande mwingine, hutatulika katika nyumba nyingi bila gharama kubwa, mradi chanzo chake kitafutwe kwa utaratibu unaofaa.

Tuanze na dhana moja inayopotosha watu. Paka hakojoi kitandani kwa kisasi. Hafanyi hivyo kwa sababu ulisafiri, ulimkemea, au ulileta mgeni asiyempenda. Anatafuta mahali panapomfaa zaidi kuliko pale ulipomwekea, au mwili wake unamlazimisha. Kumshika shingo na kumsugulia pua kwenye mkojo, kama watu wengi walivyofundishwa na wazee wao, hakumfundishi kitu. Kinachomwingia ni kwamba wewe ni hatari, na kuanzia hapo atakojoa nyuma ya kabati ambapo hutamwona. Kumpiga ni hivyo hivyo.

Kwanza ni ugonjwa

Kabla ya kugusa beseni, mwangalie paka mwenyewe. Paka mwenye maumivu wakati wa kukojoa huanza kulihusisha beseni na maumivu hayo, akalikimbia. Huenda ukamwona akienda chooni mara kwa mara, akitoa matone, akilia, au akijilamba sana sehemu za nyuma. Pengine mkojo una rangi ya damu. Paka mzee anaweza kuwa na maradhi ya figo au kisukari, akanywa maji mengi na kukojoa mengi, hadi beseni likamshinda. Mwingine ana maumivu ya viungo, na ukingo wa beseni umekuwa mrefu kwake.

Hapa pana jambo moja ambalo kila mfugaji wa paka dume anapaswa kulijua. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana na unaweza kuzibwa na chembechembe, ute au vijiwe. Ukimwona dume anachuchumaa na kujikamua bila mkojo kutoka, tumbo lake la chini limekuwa gumu na hataki kuguswa, ametapika au amelala kinyonge, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Sumu inayopaswa kutoka na mkojo inarudi kwenye damu, moyo unavurugika, na anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Watu wengi hudhani paka amefunga choo, wakampa mafuta na kungoja asubuhi. Usingoje asubuhi. Mpigie daktari wa mifugo, mweke paka ndani ya kikapu kilichofunikwa, na uondoke.

Usimpe dawa za binadamu. Paracetamol, ambayo iko katika kila nyumba, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Usimnunulie antibiotiki za kubahatisha dukani pia. Kwa paka kijana, kibofu kinachouma mara nyingi hakina viini; husumbuliwa zaidi na wasiwasi na uchache wa maji mwilini, hivyo antibiotiki hazimsaidii na unazidi kuzoesha viini vya nyumbani kwako dawa hizo. Daktari atapima mkojo ndipo aamue. Ukimpeleka, uliza pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo humpata paka na paka humwambukiza binadamu kwa kumng'ata.

Maji ni jambo jepesi linalosahaulika, hasa katika joto letu. Weka bakuli mbili au tatu mahali tofauti, mbali na chakula na mbali zaidi na beseni la choo. Paka hapendi kunywa pale anapolia wala pale anapojisaidia. Ukimchanganyia mchuzi wa samaki usio na chumvi wala viungo kwenye chakula, atapata maji bila kujua.

Kukojoa au kunyunyiza?

Haya ni mambo mawili, na dawa zake ni tofauti. Paka anayekojoa huchuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni, kwenye nguo au godoro. Paka anayenyunyiza husimama, mkia umenyooka juu na unatetemeka, akarusha mkojo kidogo ukutani, mlangoni au kwenye mguu wa kochi. Alama utaikuta juu ya sakafu, takriban usawa wa makalio yake. Hana haja ya choo. Anaandika barua kwa paka wengine kwamba hapa pana mwenyewe.

Wanaonyunyiza zaidi ni madume ambao hawajahasiwa. Kuhasi humaliza au hupunguza sana tabia hiyo kwa madume tisa hivi katika kila kumi, na jike aliyefungwa kizazi hutulia kwa namna hiyo. Ni upasuaji wa kawaida unaofanywa paka akiwa amelala kwa dawa. Dume akihasiwa mapema, kabla hajaizoea tabia hiyo, ni bora zaidi. Wako wafugaji wanaoona ni kumdhulumu. Waangalie madume wanaorudi alfajiri na masikio yaliyochanika, kisha waamue.

Aliyehasiwa naye anaweza kunyunyiza akiona paka wa nje dirishani kila jioni. Mji wa Kale na maeneo ya karibu na masoko yana paka wengi wa mitaani, na vibaraza vyetu ndivyo barabara yao. Funika sehemu ya chini ya dirisha kwa pazia au karatasi, usiache mabaki ya samaki kibarazani, na uoshe mlango wanaponyunyiza wao kutoka nje.

Beseni lenyewe

Paka akithibitishwa mzima, mara nyingi kosa liko kwenye beseni. Kosa la kwanza ni udogo. Beseni zuri lina urefu wa mara moja na nusu ya paka mwenyewe, kupimwa kutoka puani hadi shina la mkia. Mtungi wa mafuta wa lita 20 uliokatwa ubavu humtosha kinda. Paka mzima humbana, akageuka, na makalio yakabaki nje. Beseni pana la kufulia, au boksi la plastiki la kuwekea nguo lililokatwa upande mmoja ili aingie bila kuruka, linafaa zaidi na halina bei ya kutisha. Laini kingo ulizokata, zisimkwaruze.

Idadi nayo ina hesabu yake: beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Wenye paka wawili katika chumba na sebule watasema hapatoshi, na tunawaelewa. Basi yawe mawili, lakini yasikae ubavu kwa ubavu. Mawili yaliyobanana pembe moja, kwa paka ni kama moja, na paka mbabe anaweza kuyalinda yote akiwa amelala mlangoni, huku mnyonge akienda kukojoa kwenye kapu la nguo.

Sasa mchanga. Paka wengi hupenda punje laini zisizochoma nyayo, zisizo na marashi. Mchanga maalumu unaouzwa madukani ni mzuri kwa sababu hugandana na ni rahisi kuchota, lakini bei yake si ya kila mtu. Mchanga wa mto unaouzwa kwa ajili ya ujenzi unafaa ukipitishwa kwenye chekeche, ukaondolewa kokoto na ukaanikwa ukakauka kabisa. Mchanga wa pwani haufai: una chumvi, hunyonya unyevu wa hewa, haukauki vizuri, na mara nyingi umeshatumiwa na paka na mbwa wengine. Maranda kutoka kwa fundi seremala ni mepesi na hufyonza mkojo vizuri, ila muulize fundi kama mbao hizo zilipakwa dawa ya mchwa. Zikiwa zimepakwa, usichukue. Unga wa mbao ulio laini kama vumbi humwingia paka puani, hivyo chagua vipande vikubwa kidogo. Jaza kina cha vidole vitatu hivi, ili apate kuchimba na kufukia.

Ukiamua kubadili aina ya mchanga, usibadili kwa siku moja. Paka aliyezoea mchanga wa mto akikuta maranda ghafla hukataa, na nyumba nyingi shida yao ilianzia hapo. Changanya kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Ukiwa na mabeseni mawili, weka mchanga tofauti kila moja, kisha uone analochagua mwenyewe. Hilo ndilo jibu lako.

Chota kinyesi na mabonge ya mkojo kila siku, mara mbili ukiweza. Mwaga mchanga wote na uoshe beseni kwa sabuni ya kawaida na maji kila wiki au kila wiki mbili, kutegemea mchanga unaotumia. Usitumie dawa za kuua viini zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa majini. Nyingi kati yake zina kemikali ambazo ini la paka halimudu kuziondoa, naye akitoka humo hulamba nyayo zake. Hata zisipomdhuru, harufu kali pekee yatosha kumfukuza.

Mwisho ni mahali. Tuseme familia ya fleti imeweka beseni kando ya pampu ya maji. Pampu inanguruma ghafla wakati paka yuko ndani, anaruka, na kuanzia hapo anakojoa chini ya kitanda, ambako ni kimya. Hakuna dawa ya dukani itakayosaidia hapo. Beseni lihamishwe tu. Mahali pazuri ni patulivu, mbali na chakula chake, panapofikika usiku na mchana, na anapoweza kuona nani anakuja na kuondoka bila kukwama. Bafu ambalo mlango hufungwa watu wakilala si mahali pa kumwekea choo.

Kuondoa mkojo ulioingia

Hapa ndipo juhudi za watu wengi huharibika. Usiposafisha hadi harufu iishe kwenye pua ya paka, wala si kwenye pua yako, atarudi pale pale. Mkojo wa paka una chembe za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki vizuri katika maji. Hukauka, zikanyamaza, kisha unyevu ukizidi hutoa harufu upya. Ndiyo maana nyumba iliyonukia vizuri Januari inaanza kunuka tena mvua za masika zikianza, na watu wanamlaumu paka kwa mkojo wa miezi mitatu nyuma.

Usimwagie Jik. Mkojo una amonia, na dawa ya aina hiyo ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu inayobana kifua, hatari zaidi katika bafu dogo lisilo na dirisha, na kwa mtoto au mtu mwenye pumu. Usianze na maji ya moto pia, kwa kuwa joto hugandisha uchafu kwenye nyuzi.

Mkojo ukiwa mbichi, ukandamize kwa matambara makavu hadi yasitoke tena na unyevu. Usisugue, utausambaza. Mahali ambapo maji ya mfereji huja kwa zamu, hatua hii ya ukavu ndiyo inayookoa maji. Kila unachokifyonza sasa hutahitaji kukisuuza baadaye. Kisha chukua sabuni ya unga ya kufulia iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina vimeng'enya, changanya sehemu moja ya sabuni na tisa za maji ya uvuguvugu, lowesha mahali pote na zaidi kidogo ya ukubwa wa doa, uache dakika 15 bila kukauka. Vimeng'enya vinahitaji muda kufanya kazi. Suuza kwa maji baridi, kausha, na pakishakauka kabisa futa kwa spiriti, mbali na moto, baada ya kujaribu pembeni kama haitaharibu rangi. Kama hakuna sabuni ya aina hiyo, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hupunguza harufu ya amonia, lakini kwa doa la zamani haitoshi.

Mkeka wa ukindu usilowekwe, utaoza. Ufute kwa kitambaa chenye dawa hiyo pande zote mbili, kisha uanike juani. Mswala na nguo vifuliwe mara mbili kabla ya kupigwa pasi. Godoro la sponji ni gumu kuliko vyote, kwa kuwa mkojo hushuka ndani na paka atausikia hata wewe usipousikia. Lowesha hadi kina ulikofika mkojo, kandamiza, anika jua kali siku mbili, na baadaye livishe nailoni chini ya shuka. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa nazo hunyonya. Zirudiwe mara kadhaa na ziachwe zikauke kabisa kabla ya kupaka rangi mpya, la sivyo utafungia harufu ndani.

Hujui anakojoa wapi? Azima tochi ile ya kukagulia noti bandia kutoka kwa mwenye duka, zima taa usiku, na umulike sakafu na sehemu za chini za kuta. Mkojo mkavu wa paka hung'aa. Wengi hushangaa kuona madoa ambayo hawakuyajua.

Afya ya watu wa nyumbani

Kinyesi cha paka, si mkojo, kinaweza kubeba kimelea cha toksoplasma. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, kimelea kinaweza kumfikia mtoto na kusababisha mimba kutoka, au kudhuru macho na ubongo wake. Mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili naye yuko hatarini. Mjamzito hahitaji kumfukuza paka. Kazi ya kuchota beseni ifanywe na mtu mwingine. Akikosekana, avae glavu na anawe kwa sabuni. Kimelea kikitoka na kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuchota kila siku. Paka mwenyewe hukipata kwa kula panya au nyama mbichi. Binadamu pia hukipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, hivyo lawama zote zisiangukie beseni.

Usimwage mchanga uliotumika kwenye bustani ya mchicha au sukuma wiki, wala chooni, utaziba bomba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017; funga uchafu kwa karatasi za gazeti kadhaa na uutie kwenye pipa lenye kifuniko.

Kumrudisha kwenye mazoea

Paka aliyekwisha kuzoea kukojoa mahali pengine haachi kwa siku moja. Mweke katika chumba kimoja kitulivu kwa siku kadhaa hadi wiki mbili, akiwa na beseni safi, maji, chakula upande wa pili, na mahali pa kulala. Mtembelee, cheza naye. Akitumia beseni kila mara, mfungulie chumba kimoja zaidi, kisha kingine. Pale alipokuwa akikojoa, baada ya kusafisha, weka bakuli lake la chakula, kwa kuwa paka hajisaidii anapolia. Ikiwa amekazania pembe moja tu, mwekee beseni pembe ile ile, halafu lisogeze kidogo kidogo kila siku hadi unapotaka.

Akishindikana baada ya daktari kumwona na baada ya haya yote, tafuta mtu mwenye ua atakayemchukua, na umweleze ukweli kuhusu tatizo hilo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama na pia kumtelekeza mahali atakapoteseka. Gunia karibu na soko ni kosa mbele ya sheria.

Kwa ushauri, fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Ukienda kwa daktari wa binafsi, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kabla ya kwenda, andika kwa siku tatu ni saa ngapi na wapi paka alikojoa, kiasi gani, alichokula na alivyokunywa. Beba pia picha ya beseni na mahali lilipo, hata ya simu.